Ngiri na Mapengo Sita ya Kamba

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika vibaya. Nusu yenu mna karanga mdomoni. Nilisema karanga hizi ni mbegu, ni za kumenya, si za kutafuna. Temeni. Haya, tuanze upya. Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Hata kuku wa jirani wamesikia.

Hapo zamani za kale, kinyonga akiwa bado na rangi moja tu, wanyama wa mbugani walimwona Nyumbu mzee amesimama katikati ya majani mabichi, analia. Majani yapo, meno hayapo. Majani yapo, meno hayapo! Wakatazamana. Kila mmoja akapitisha ulimi kwenye meno yake mwenyewe. Wakasema, hili litatufika wote. Wakajenga ghala.

Ghala lilikuwa na sheria yake. Kila mwaka, kila mnyama alete pishi moja ya mtama. Karani anaipokea, anaimwaga, shaaa! Kisha anafunga fundo moja kwenye kamba yako. Kila anayeleta ana kamba yake, inaning'inia ukutani. Meno yakikutoka, unakwenda Ghalani kila asubuhi, unapewa bakuli la uji wa moto mpaka kufa kwako. Bakuli lile kina chake vidole thelathini, maana kuna wenye midomo mirefu. Fundo moja, uji kidole kimoja. Mafundo thelathini, bakuli linajaa. Chini ya mafundo kumi, unaramba upawa na kusema asante.

Na zaidi ya thelathini? Tembo aliuliza baada ya kulipa, si kabla. Alilipa arobaini. Akaletewa bakuli lilelile, limejaa vilevile. Akauliza, "Na yale kumi?" Akaambiwa, "Yale ni mapambo ya kamba." Mpaka leo Tembo akipita pale hageuzi shingo.

Sasa, ukiruka mwaka, kamba inabaki na pengo. Pengo unaweza kuliziba baadaye kwa hiari yako. Hakuna anayekulazimisha, hakuna anayekuja kukugongea mlango. Ila mwaka ule jino lako la kwanza linapolegea, una muda mpaka mvua ya kwanza. Nje ya mlango wa Ghala waliweka ngoma. Tone la kwanza likigonga ngoma, ndu! Basi. Kamba yako imefungwa, na pengo lako limebaki pengo.

Mbona Mwalimu Mhina umeacha kumenya? Endelea kumenya, Mwalimu. Hii ni hadithi ya wanyama.

Palikuwa na Ngiri. Ngiri mnamjua. Mkia juu kama fimbo ya mgambo, anakimbia tititi, tititi, tititi. Halafu anasimama ghafla. Anajiuliza, "Hivi nilikuwa nakimbia nini?" Hakumbuki. Anapiga magoti, anakula majani. Simba aliyekuwa nyuma yake naye anashangaa.

Basi kila mwaka Ngiri alibeba pishi yake kwenda Ghalani. Miaka mingine alifika. Miaka mingine alisimama katikati ya njia. "Hivi nilikuwa nakwenda wapi?" Hakumbuki. Anafungua mfuko. "Lo! Mtama! Nani kaniwekea chakula cha mchana?" Anaula wote, anarudi nyumbani ameshiba, anamsifu mkewe kwa ukarimu.

Mara sita alifanya hivyo. Mara sita!

Siku moja akiwa anatafuna mzizi, gego lake la nyuma likacheza. Kwe. Akalisukuma kwa ulimi. Kwe, kwe, kwe. Moyo ukamruka. Mbio Ghalani, na safari hii alifika, maana kila hatua gego lilikuwa likimkumbusha.

Karani wa kamba alikuwa Kakakuona. Huyu alikuwa karani mwaminifu, hakuna punje iliyopotea mkononi mwake. Tatizo lake lilikuwa moja. Swali rahisi alilijibu. Swali gumu likija, alijiviringa akawa mpira.

"Hodi, karani."

"Karibu, Mzee Ngiri."

"Kamba yangu ina mafundo mangapi?"

"Ishirini na manne. Mapengo sita."

"Nikiyaziba yote?"

"Bakuli linajaa."

"Nisipoyaziba?"

"Linapungua vidole sita."

"Na nitaishi miaka mingapi nikinywa huo uji?"

Vrrrup! Kakakuona huyo, mpira. Magamba tupu. Ngiri akamgonga kwa pua, ko ko ko. Kimya. Akamviringisha mpaka ukutani, akamrudisha. Kimya. Ngiri akakohoa, akasema, "Karani, leo siku gani?"

Kichwa kikachomoza. "Jumanne."

"Nitakufa lini?"

Vrrrup!

Ngiri akarudi nyumbani na gego lake. Kwe, kwe, kwe.

Mkewe, Bi Ngiri, alikuwa mlangoni mwa shimo anafagia. Huyu mama alilea watoto kumi na mmoja, na kamba hakuwa nayo. Kulea hakukufungiwa fundo. Msiniulize mimi kwa nini. Aliyetunga sheria ile hakuwahi kunyonyesha hata paka. Kwa hiyo bakuli la Ngiri ndilo bakuli la mkewe. Bakuli moja, midomo miwili.

"Mama watoto, tuna mtama kiasi gani?"

"Pishi sita. Ndizo mbegu za mwaka huu, na hakuna nyingine."

"Karani anataka sita."

"Basi mpe."

"Nikimpa nikafa kesho? Digidigi umemsahau?"

Habari ya Digidigi ilikuwa ya kweli. Digidigi aliziba mapengo manne siku moja. Karani akafunga fundo, fundo, fundo, fundo. Digidigi akashukuru, akatoka mlangoni, na Chui alikuwa mlangoni. Bakuli lake hajaligusa.

"Siwezi kutoa mbegu zote kabla sijajua siku yangu ya kufa," Ngiri akasema. "Naenda kuuliza."

"Kumwuliza nani?"

"Wanaojua."

Tititi, tititi, tititi! Akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye bakuli, na sauti yake ikatokea humo ndani kama anaongea na mizimu.

"Lipa! Mimi nanywa uji huu tangu babu ya babu yako ananyonya."

"Nami nitaishi kama wewe, Mzee Kobe?"

Kobe akatoa kichwa, uji unamdondoka kidevuni. Akamtazama Ngiri, mkia, miguu, gego. "Hapana," akasema. Akarudi ndani ya bakuli.

Ngiri akaona, huyu hanifai. Ana miaka mingi mno. Ngoja nimpate wa kawaida.

Akaenda mtoni. Pale mtoni kuna mdudu mmoja mwenye mabawa membamba, anazaliwa asubuhi na jioni anakufa. Akamkuta ndiyo kwanza anakausha mabawa juu ya unyasi.

"Shikamoo, babu!" mdudu akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nina shida." Ngiri akaanza kueleza. Ghala, kamba, mapengo. Katikati akasahau alipofika, akaanza mwanzo. Akasahau tena. Jua likapanda.

"Nimekuelewa, kaka," mdudu akasema. Sasa sauti imekuwa nzito. "Usilipe. Uzee ni maneno ya kutishia watoto. Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mdudu mzee."

"Kumbe! Basi silipi!"

"Ngoja kwanza, mgongo unaniuma. Nisogezee hilo jani, mwanangu."

"Mwanangu? Si ulikuwa mjukuu wangu sasa hivi?"

"Usinijibu hivyo, mwanangu, mimi ni mtu mzima. Umeshalipa?"

"Wewe si umeniambia nisilipe?"

"Yale ni maneno ya ujana! Lipa! Mimi nilipokuwa kijana, mnamo saa tatu, nilidharau sana. Laiti ningejua..."

Tubwi! Akadondoka majini. Samaki akammeza. Ngiri akavua kofia, halafu akakumbuka hana kofia.

Njiani akakutana na Fisi. Fisi alikuwa amekaa juu ya rundo la majani, ametulia kama kuku anayeatamia.

"Mzee Ngiri, nasikia una pishi sita na mawazo. Nipe mimi hizo pishi. Mimi nazikalia. Baada ya mwezi zinaanguliwa, zinakuwa kumi na mbili."

"Mtama unaanguliwa?"

"Kila kitu kinaanguliwa ukikikalia kwa moyo. Hapa nilipo nimekalia pishi tatu za Kanga. Na wewe nifikirie vizuri, mimi nala nyama. Mtama wako nitaufanyia nini?"

Maneno matamu! Mla nyama kweli hana haja ya mtama. Ngiri akaitikia kwa kichwa, akaona hapa ndipo penyewe.

"Kanga mwenyewe yuko wapi nimwulize?"

"Kanga alikuja jana kuuliza mtama wake umefikia wapi," Fisi akasema, akajichokonoa jino. Unyoya ukatoka.

Mmeelewa? Fisi hali mtama. Fisi anakula wanaokuja kuuliza habari za mtama.

Ngiri naye alielewa, tena mara moja. Mkia juu! Tititi, tititi, tititi! Alikimbia mpaka nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifika akikumbuka alikuwa anakimbia nini.

"Mama watoto, nimeuliza wote. Kobe anasema nitakufa mapema. Mdudu amekufa kabla hajamaliza. Fisi anajua siku yangu ya kufa, ila ni siku nitakayomtembelea tena."

Bi Ngiri akaweka ufagio chini. Alikuwa amechoka. Angani mawingu yalikuwa yanajikusanya, meusi, mazito.

"Baba watoto, nisikilize. Unahangaika kuuliza utakufa lini. Ukifa, utakuwa na njaa?"

"Sitakuwa nayo."

"Utakaa huko unahesabu pishi zako?"

"Sitahesabu."

"Basi kufa hakuna tatizo. Tatizo ni kama hukufa. Umeamka asubuhi, mzima, huna jino, nami niko pembeni yako sina jino. Uji ni pungufu vidole sita kila siku ya Mungu. Utaniambia nini asubuhi hiyo?"

Ngiri akaligusa gego kwa ulimi. Gego likasema kwe.

"Na mbegu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwaka huu tutachimba mizizi. Pua zetu bado zina nguvu. Mimi nazungumzia mwaka ule pua zitakapochoka."

Ngiri akasema, "Tunalipa."

Lakini kuamua ni kitu kimoja, na kufika ni kitu kingine. Bi Ngiri alimjua mumewe. Akafunga mifuko sita kwa kamba ya mkonge, mitatu mgongoni kwa mume, mitatu mgongoni kwake. Akasema, mimi nauliza, wewe unajibu, mpaka mlangoni. Na nyinyi mjibu. Karanga wekeni chini, semeni:

Ngiri ee, waenda wapi?

*Ghalani!*

Kufanya nini?

*Kuziba pengo!*

Mtama wa nani?

*Si wa leo!*

Vizuri. Sikudhani, wewe umeitika kama umelala. Tena!

Ngiri ee, waenda wapi?

*Ghalani!*

Kufanya nini?

*Kuziba pengo!*

Mtama wa nani?

*Si wa leo!*

Wakapita kichuguu. Wakapita korongo. Ngurumo ikasema gudugudugudu. Wakapita mti uliokauka, na nyuma ya mti uliokauka nani yupo? Simba! NGRRRAAA!

Mikia juu! Miwili! Tititi, tititi, tititi! Wimbo ukaanguka njiani. Wakakimbia, wakakimbia, wakafika uwanda wazi. Ngiri akasimama ghafla.

"Hivi tulikuwa tunakwenda wapi?"

Akamgeukia mkewe. Bi Ngiri akakunja uso. Akatazama mbele. Akatazama nyuma.

"Sijui," akasema.

Na yeye si ni Ngiri? Mlidhani kwa kuwa ana akili basi si Ngiri?

Wakasimama hapo wawili. Mawingu juu yao. Ngiri akanusa mfuko. "Mama watoto! Mtama!"

"Mtama? Maskini, nani katuwekea?"

"Kuna watu wakarimu dunia hii."

Wakafungua mfuko wa kwanza. Wakala. Nyam, nyam, nyam. Wakasifu. Wakamaliza pishi nzima, wakalamba mfuko. Ngiri akauvuta mfuko wa pili, akatia mdomo, akauma.

Kwe, kwe, KWAK!

Kitu kikadondoka juu ya mtama. Cheupe. Wakakitazama. Lilikuwa gego.

Ngiri akapitisha ulimi, akakuta shimo. Akapitisha tena, shimo lipo palepale. "Jino langu," akasema. "Nikikosa meno nitakula ni..."

Wakatazamana. Wote wawili kwa pamoja:

"GHALANI!"

Mwaona! Tititi, tititi, tititi! Mifuko mitano inarukaruka mgongoni, Ngiri analia huku anakimbia, machozi kweli, kwa ile pishi moja waliyokula kwa furaha. Ghala likaonekana. Upepo ukaja na harufu ya mvua. Wakaingia mlangoni kwa kishindo, ngoma iko nje, bado kavu.

"Karani! Tumeleta! Utatupokea? Tumechelewa? Hii inatosha? Pishi moja tumeila, itakuwaje?"

Maswali manne magumu kwa mkupuo. Vrrrup! Kakakuona huyo, mpira.

"Karani!" Kimya. "Karani, mvua hiyo!" Kimya. Ngiri akamsukuma, akamviringisha, akamlilia. Kakakuona akazidi kukaza. Nje upepo ukatulia, kama unavyotulia kabla ya tone la kwanza.

Bi Ngiri akamsogeza mumewe pembeni. Akainama pale kwenye magamba, akasema kwa upole, kama anavyosema na mtoto:

"Karani, leo siku gani?"

Kichwa kikachomoza. "Alhamisi."

"Na pishi moja ni mafundo mangapi?"

"Moja."

"Haya, funga."

Shaaa! Fundo. Shaaa! Fundo. Shaaa! Fundo. Shaaa! Fundo. Shaaa! Kakakuona akavuta kamba, akaikaza, na hapohapo nje...

Ndu!

Tone la kwanza. Kamba ikafungwa. Mafundo ishirini na tisa. Pengo moja.

Mwaka huo walichimba mizizi. Walikonda, siwafichi. Bi Ngiri alionekana mbavu. Mwaka uliofuata meno yakaisha, ya mume kisha ya mke, na asubuhi ya kwanza wakaenda Ghalani. Wakaletewa bakuli. Moshi unapanda. Uji umefika juu, pungufu kidole kimoja. Ngiri akalitazama lile pengo la kidole kimoja, akasema, "Ile siku tulikula mtama kule uwandani." Bi Ngiri akasema, "Ulikuwa mtamu, lakini." Wakacheka na fizi zao, wakanywa, midomo miwili bakuli moja, wakatosheka.

Na kesho yake tena. Na kesho yake. Kila asubuhi Ngiri analitazama pengo, anakumbuka. Lilikuwa ndilo jambo pekee analolikumbuka.

Miaka ikapita. Siku yake ya kufa, ile aliyoitafuta kwa kila mtu, ikafika yenyewe, bila kuulizwa. Ngiri akainuka, akaaga vizuri, akashika njia ya kwenda kufa. Tititi, tititi, tititi. Katikati ya njia akasimama.

"Hivi nilikuwa nakwenda wapi?"

Hakumbuki. Akageuka, akarudi nyumbani kunywa uji.

Alisahau mara tisa. Kobe, aliyemwambia hataishi sana, alikasirika mpaka akabadilisha sehemu ya kukaa pale Ghalani.

Na funzo lake nawaambia wazi, sifichi chochote. Hakuna anayejua siku yake, si Kobe, si karani, na anayejidai anaijua amekalia mtama wa mwenzako. Kwa hiyo usipime mchango wa uzeeni kwa hofu ya kufa. Upime kwa asubuhi utakazoamka uko hai, na kwa mdomo wa pili unaokutegemea. Kwanza uliza karani kama fundo litaongeza uji, usije ukafunga mapambo kama Tembo. Ukishajua, ukishaamua, nenda siku hiyohiyo, na usifungue mfuko njiani.

Mwalimu Mhina, mbona umesimama? Ile karatasi ya michango ya hiari iko kwenye mfuko wa shati tangu Jumatatu, ncha yake naiona kutoka hapa, na Mama Mhina anaiona pia. Kulia, Mwalimu, mlango uko kulia. Watoto, msindikizeni: Mwalimu ee, waenda wapi?

*Ghalani!*

Asante. Hadithi yangu naitua hapa, aitakaye aibebe. Na hilo sinia la karanga lileteni nilipime kwa kidole.

Nani kala kidole kimoja?